Majani ya Ng'ombe Tuliyemuuza

Jumatatu, 3 Juni

Mama Martin, salamu nyingi katika Kristo. U hali gani huko? Miezi minne sasa umelala kaburini hapo migombani, na mimi bado nakuandikia kwenye daftari lako la jumuiya. Mimi mzima wa mwili tu. Kitandani hadi saa sita. Chai inapoa, naitazama. Leo nesi Hadija kule Moshi kasema ni sonona. Nitembee haraka nusu saa kila siku, mpaka jasho, halafu nirudi kwake. Martin naye kapiga simu: anakuja Jumapili, akinikuta bado nashinda kitandani ananihamishia Dar. Nikuache peke yako? Haiwezekani!

Jumanne, 4 Juni

Nimetembea. Balaa! Hapa Mwika nani anakwenda mbio mikono mitupu, bila hata jembe? Jirani Thadeus kauliza nani amefariki. Nikasema hakuna, natembea tu. Hakuamini. Saa nne watu kumi na wawili uani wamekuja kuhani, na mabenchi ya kanisa la kigango na mkungu wa ndizi. Margareta wa kule juu alishaanza kulia, ndipo akauliza ni nani.

Jumatano, 5 Juni

Sikuinuka. Rozari imenishinda fungu la pili.

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu mpya! Mzigo wa majani kichwani. Hakuna aliyeuliza msiba. Ila Thadeus, kutoka kwenye ua wake: Baba Martin, ng'ombe si mlimuuza mama alipougua? Au siku hizi unayala mwenyewe? Nikamjibu ni ya Margareta. Ikabidi yafike kweli. Kilima chote kile! Jasho mpaka kwenye soksi. Margareta kanipa kiburu, ndizi na maharage, nikamaliza sahani mbili. Kumbe nilikuwa na njaa.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya tatu ya majani. Usiku nimelala fofofo. Asubuhi nimeimba nikinyoa ndevu. Thadeus kasema sauti yangu bado mbaya. Nimefurahi hata kusemwa! Basi nimepona. Aliyepona anatembea kutafuta nini? Kesho napumzika.

Jumapili, 9 Juni

Kifua kizito kama zamani. Misa imenipita. Saa tano Martin kanikuta nimejifunika shuka gubigubi. Sasa anakunja mashati yangu. Margareta yuko mlangoni, anauliza mbona ng'ombe wake hajala. Nimekosea wapi? Nadhani ni yale majani, yalikuwa na umande. Mke wangu, mwambie mwanao aniache hapa. Nijibu upesi, basi linaondoka kesho saa kumi na mbili.