Prizi za Chumvi za Papa Anaclet

Asubuhi hii Idrissa, mwenye tunaita Redio kwa sababu habari zote za Kindu zinapita kinywani mwake mbele ya zipite hewani, alifika kwa Mama Adolphine, penye tunakunywa kahawa, hata hajasalimia.

— Mumesikia? Kontroleri wa kuran, ule wa umeme, iko anapita nyumba kwa nyumba, na ameanzia avenue yenu, Papa Anaclet! Anafungua kila prizi, penye munachomekaka waya, anaangalia bwate, kisanduku cha nyuma, ndani ya ukuta. Ikiwa ndogo, waya zimebanana, anafuta jina yako kwenye listi ya wenye watawekewa kuran. Kuran utaionea kwa jirani!

Papa Anaclet, mzee wa reli aliyestaafu, akaweka kikombe chini polepole. Sisi wote tulijua: bibi yake, Mama Nuru, alinunua frigo ya kuuzishia samaki, na tangu Pasaka frigo hiyo inangoja kuran, inachunga viatu.

— Bwate zangu haziwezi kuwa ndogo, akasema.

Mwamba, fundi wa kuran, jina ya mtaani Volti, akacheka.

— Papa, bwate haipimwe na macho. Unahesabu waya: tatu zinaingia, tatu zinatoka, halafu unaacha nafasi zipumue. Zikikosa pumzi zinapata moto, na wewe unalala inje. Zako ziko za ngapi?

— Za kilo mbili.

Mama Adolphine aliacha kumimina kahawa.

— Kilo mbili za waya?

— Za chumvi.

Tukapiga kelele. Papa Anaclet akangoja tuchoke.

— Ninyi mulizaliwa wapi? Wakati wa vita, muji umefungwa, chumvi ilikuwa inapimwa na kijiko. Askari wanaingia, wanapekua chini ya kitanda, ndani ya nyungu, ndani ya matela ya kulalia. Lakini nani ataingiza kidole ndani ya prizi? Nikatoboa ukuta, nikaweka chumvi, nikafunika na prizi. Chumba, tatu. Salo ya wageni, ine.

— Na kuran ilikuwako? nikauliza.

— Ya wapi! Muji muzima giza.

— Kumbe waliogopa kuran yenye haiko!

— Kijana, askari moja alisimama mbele ya prizi yangu na bunduki yake, akauliza kama inauma. Nikamuambia: jana iliuma mukubwa wenu.

Volti alishika kichwa.

— Na waya, Papa? Nani alivuta waya?

— Waya ya kufanya nini? Chumvi inatumia waya?

— Prizi saba, waya sifuri! Redio akapiga makofi. Kontroleri atalia!

Hajamaliza, Mama Nuru akatokea, karatasi mukononi, kitambaa cha kichwa kimelegea.

— Amefuta? Papa Anaclet akasimama.

— Jina imebaki. Amesema bwate zako njo zenye nafasi kuliko zote za avenue.

Volti karibu ameze kikombe.

— Lakini aliingiza kidole, akalamba. Akacheka mpaka machozi: kwao Kalima, mama yake alificha sabuni vilevile. Halafu akaandika hivi: Ukuta iko na chumvi, waya ikiingia humo itakulwa. Tukwangue, tusafishe, tupake simenti mupya, Volti avute waya. Yote mbele ya Alhamisi. Bila hiyo, jina inatoka.

Akatuangalia moja moja.

— Nataka mikono.

Redio akakumbuka anangojewa ngambo ya mto Lualaba, akaondoka mbio. Volti akakumbuka amesahau turnevisi, bisibisi yake. Miye niliinama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa sapatu zenye hazina kamba. Hata Papa Anaclet alishika mugongo.

— Muzuri, Mama Nuru akasema kwa sauti ya kufika mpaka ngambo. Wenye watakwangua leo, njo wenye watakunywa bia ya kwanza ya frigo yangu. Wengine wataiona kwa dirisha.

Tulifika kwake tukihema, Volti mbele, Papa Anaclet mugongo umepona. Salo ilikuwa tayari imejaa vumbi. Redio iko juu ya kiti, kijiko mukononi, anamaliza kukwangua prizi ya pili.