Pete kwa Tarakimu

Jumatatu, 8 Novemba 1971
Habari mbaya. Wanjugu anahamishwa. Jumamosi anaondoka ofisi ya Nairobi kwenda tawi la Kisumu, na huko hakuna teleksi, mashine hii ya kuandikiana kwa waya. Miaka miwili tumezungumza kwa waya kila asubuhi. Mimi namwuliza UPO, yeye anajibu TUPO. Yuko peke yake chumbani kule, lakini husema tupo. Sijawahi kumwona uso. Lazima nimpose wiki hii, la sivyo nitazeeka na mashine.

Tatizo ni Bwana Pritam, meneja wetu hapa ghala la ngano la Nakuru. Husoma kila nakala na penseli nyekundu mkononi. Mwaka jana nilimpa Wanjugu pole ya mafua. Pritam akasema waya ni wa ngano na magunia, huruma iende posta ikanunue stempu.

Jumanne, 9 Novemba
Nimepata! Mimi ni mtu wa akili, hata kama mama hakuwahi kusema. Mashine haijui herufi. Inajua matundu kwenye utepe wa karatasi tu. Matundu ya P ndiyo ya sifuri. Ya E ndiyo ya tatu, ya T ndiyo ya tano. Ukitangulia kubonyeza kitufe cha herufi, inachapa PETE. Ukitangulia na cha tarakimu, matundu yale yale yanachapa 0353. Wanjugu anajua hayo akiwa usingizini. Pritam hajui lolote.

Nimeituma saa nne, chini ya habari za magunia. Pritam akaguna, akatia alama ya sawa. Nairobi kimya.

Jumatano, 10 Novemba
Lori limefika. Magunia matupu, mia tatu hamsini na matatu. Kumbe jana Wanjugu alikuwa hospitali na jino, na karani mwingine ndiye aliyepokea. Posa yangu yote iko uani, imefungwa kwa kamba ya mkonge.

Pritam akauliza nani aliyeagiza. Nikasema ni mimi, kwa kuona mbali. Akasema nitaona mbali zaidi nikiwa nje ya lango.

Alhamisi, 11 Novemba
Mungu si Athumani. Mama Cheptoo wa Mau Narok amekuja na trekta, ngano imekauka, mvua inanukia, na hana gunia hata moja. Amechukua yote. Pritam akanipa mkono. Nikajifanya nimezoea.

Mchana mashine ikaamka. Wanjugu alikuwa ameiona nakala. Akaandika kwa herufi, waziwazi: BWANA THUO, KAMA 0353 NI MAGUNIA NIWIE RADHI. KAMA NI PETE NIMEKUBALI. JUMAMOSI TRENI YANGU ITASIMAMA NAKURU. NIJIBU, ILA TAFADHALI TUMIA HERUFI.

Nililia, sifichi. Pritam akasoma, akaenda kusimama dirishani muda mrefu, akarudi, akatia alama ya sawa kwa penseli nyekundu.

Ijumaa, 12 Novemba
Nimejibu leo asubuhi. Herufi zilionekana baridi kwa jambo kama hili. Nikamwandikia TUPO kwa tarakimu, 5709, jibu lake mwenyewe. Atafurahi.

Jumamosi, 13 Novemba
Nimemwona. Ni mfupi, ana koti la kijani, na shavu bado limevimba. Ni mzuri kuliko nilivyothubutu kudhani. Nikamwuliza kwa mdomo, mara ya kwanza, upo? Akajibu tupo, na kweli tulikuwa wawili. Tukashikana mikono mpaka filimbi ikalia.

Akauliza mbona sikumjibu. Nikasema nilimjibu jana, kwa tarakimu. Akafunika macho. Jana alikuwa nyumbani akifunga mizigo. Kwenye mashine alikuwa yule karani.

Nimerudi ghalani. Malori sita yako uani na mengine yamepanga foleni barabarani. Pritam ameketi juu ya gunia.

Hakuna neno. Wanjugu atakuwa Kisumu, na Kisumu telegramu zinafika. Nasikia tarakimu tano hutozwa bei ya neno moja. Posta inafunguliwa Jumatatu saa mbili.