Goudron Iko, Motokari Haiko

Kahawa yangu ilikuwa haijachemka, Assumani akafika mbio, kofia mukononi. Assumani anashona nguo, lakini pale kwenye meza yangu ya kuuzia kahawa tunamuita Radio, sababu habari hailali ndani ya tumbo lake.

—Sikilizeni! Waasi wametangaza sasa hivi. Kila mutu mwenye motokari ailete mbele ya saa sita. Mwenye kuficha, wanamufuata kwake na bunduki!

Émile wa Isangi, muuza samaki tunayemuita Pirogue, alicheka mpaka mukate ukamuanguka.

—Bon! Mimi niko na mutumbwi tu. Waje waufunge magurudumu!

Mimi sikucheka. Niligeuza macho ngambo ya njia, hatua chache tu, kwa Papa Wenceslas, karani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba, brosi mukononi, anapakaa goudron, ile lami nyeusi. Nyumba aliachiwa na muzungu aliyekimbia mwaka wa sitini, pamoja na njia ya goudron toka langoni mpaka kwenye garaji, na pipa la goudron la kutengenezea. Kila mwaka mvua ikipungua, Wenceslas anang'oa majani, anafagia, anajaza mipasuko, halafu anapakaa yote upya. Siku tatu hakuna wa kukanyaga. Adèle, bibi yake, anaruka dirisha kutoka nje. Na motokari hana. Hata baisikeli hana.

Ninaandika hii kwa wamama wenye mabwana wanaopenda kitu kuliko ngozi yao.

—Papa Wenceslas! Radio akaita. Kuja hapa mbio!

Akaja akinyata, mikono myeusi mpaka kiwiko.

—Pole pole, mavumbi! Goudron ingali mubichi.

—Tupa ile brosi! Wanatafuta motokari.

—Sina motokari.

—Sisi tunajua. Lakini ile goudron yako inasema uko nayo! Walahi, inang'aa mpaka jana nilijitazama ndani yake nikafunga kifungo.

—Alors? Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

—Weye umeziba ufa, Pirogue akasema, sasa watakujengea kaburi! Papa, kwetu Isangi tukiona wavu unakauka nje, hatuulizi kama mwenyewe anavua. Nani atasadiki mutu anapakalia njia goudron sababu ya miguu yake miwili tu?

—Mimi ninasadiki, nikasema, ninamuona kila mwaka. Lakini mimi si muasi. Papa, anika mihogo pale juu. Watafikiri ni kiwanja cha Mama Adèle cha kuanikia.

Wenceslas alinitazama kama nimetukana ukoo wake.

—Mihogo? Juu ya goudron mubichi? Mama, unajua namna ya kutoa muhogo ndani ya goudron?

—Na weye unajua namna ya kutoa risasi ndani ya tumbo?

Akageuka arudi kwa brosi yake. Lakini Adèle alikuwa amesikia. Hakungoja bwana wake. Akatoka na kitunga cha mihogo, akamwaga yote. Wenceslas akapiga yowe, akavuka njia, akaanza kubandua kipande kimoja kimoja. Ndivyo jeep ya waasi ilivyomukuta: katikati ya goudron, viatu vimeshikwa, muhogo mukononi.

Askari sita wakashuka, na commandant wao, majani ya dawa kichwani.

—Motokari iko wapi?

—Haiko, mon commandant.

—Na hii njia ni ya nini?

Pirogue, nyuma ya sufuria yangu, alikuwa anamuonyesha kwa midomo: mi-ho-go, mi-ho-go. Lakini Wenceslas ni karani, ukimuuliza anajibu.

—Ni ya kutunza, mon commandant. Usipotunza, maji inaingia ndani ya mipasuko, majani inaota, na donc, kisha miaka mitatu njia imekwisha kufa.

Askari mumoja akamuelekezea bunduki. Adèle akashika kichwa. Wengine wakavunja mulango wa garaji. Ndani, kuku wawili na ngazi.

Commandant akagonga goudron kwa kiatu. Akatazama matope kwenye magurudumu ya jeep yake.

—Toka tuingie mji huu nimekamata motokari saba, akasema. Zote zimezama ndani ya matope, moja inasukuma ingine. Kumbe iko mutu mumoja anajua kutunza! Muachilieni. Na jeep ilale hapa.

Radio akasema alhamdulillahi bila sauti. Jeep ikaingia juu ya mihogo, prr, prr, mistari miwili ikachimbika ndani ya goudron mupya. Wenceslas akafumba macho, akavumilia. Nikamushukuru Mungu, bwana wa watu amepona.

Halafu nikaona chini ya jeep. Tone moja la mafuta. La pili. Wenceslas naye aliona. Akanyosha kidole.

—Papa, Adèle akanong'ona, acha. Acha tu.

—Mon commandant, pardon, Wenceslas akasema. Muweke kartoni chini. Mafuta inakula goudron.

Kwenye meza yangu hakubaki mutu. Radio aliruka mutaro na kanzu yake, Pirogue alikimbia na kikombe changu mpaka leo. Mimi nikaingia chini ya meza, nikafunika masikio, nangoja mulio wa bunduki. Hata hivyo nilisikia sauti ya commandant, kali, inawakia askari wake:

—Ninyi hamusikii? Kartoni!