Mkwe Kutoka Serikalini

Kamili Mwigulu hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hilo alilisema mwenyewe, tena kwa uchungu, kila alipogombana na polisi wa Katoro. Yeye alikuwa anapewa. Anazungumza, watu wanafungua pochi, anapokea kwa adabu na kushukuru. Sasa hapo wizi uko wapi?

Siku moja ya soko alikuwa kwa wakala wa simu, akijifanya anasubiri muamala, na mama mmoja aliyekuja kuuza mpunga akawa anaongea na simu kwa sauti ya mtu anayedhani Muscat inafikiwa kwa kupiga kelele. Mpaka simu inakatika Kamili alikwishajua yote. Anaitwa Mama Noela, ni mjane, anakaa kijiji cha jirani na Runzewe. Bintiye Noela anafanya kazi za ndani kwa Bi Salma, na Bi Salma hajatoa mshahara tangu Kwaresima. Mama alilia kweli. Kamili naye aliumia, maana ana moyo, ila moyo wake na akili yake havijawahi kulala chumba kimoja.

Redio ya wakala ilikuwa inazungumzia mpango wa serikali wa kuwasaidia Watanzania wanaofanya kazi nje. Kamili hakusikiliza mpaka mwisho. Mwisho angeujaza mwenyewe. Akaingia duka la stesheneri, akatengenezewa kitambulisho chenye utepe wa bluu, akaazima suti ya Kaunda, akapanda pikipiki yake. Kwa mwezi mzima akawa Ofisa Ustawi wa Wafanyakazi wa Ughaibuni. Kila familia yenye mtu nje aliiahidi posho na mabati. Wao walitoa tu ada ya kufungua faili. Pikipiki yenyewe, tusimwonee, ndiyo kitu pekee maishani mwake alichokilipia hadi mwisho. Aliifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Mama Noela alimweka kiporo, kwa kuwa habari zake alikuwa nazo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Kamili akaeleza posho, akaeleza mabati, akafikia ada. Mama alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Huo mpango mwanangu hajawahi kunitajia," alisema. "Na wewe nitajuaje kama unamjua kweli?"

"Bosi wake ni Bi Salma. Hajamlipa tangu Kwaresima."

"Hayo hata majirani wanayajua."

Kamili akaona ada inamponyoka. Akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Mama, nisikufiche. Mimi na Noela tuliishi pamoja pale Geita, Kalangalala, kabla hajasafiri. Ni kama mke wangu. Ndiyo maana faili lake nimelifuata mwenyewe."

Mama Noela akanyanyuka papo hapo, akajifunika khanga usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Mama wa Kisukuma haketi chumba kimoja na mkwe. Kamili alilikumbuka hilo akatabasamu, maana kukimbiwa hivyo ni kukubaliwa. Nyuma ya nyumba kuku akapiga ukelele, akanyamaza ghafla. Kamili akafungua kifungo kimoja cha suti.

Akaingia Mzee Bujiku, baba mdogo wa Noela, pamoja na wazee wawili, wote wamevaa makoti.

"Mkwilima," alisema Bujiku, na hivyo ndivyo Msukuma anavyomwita mume wa bintiye, "tumefurahi. Kumbe uliishi na binti yetu."

"Ndiyo, mzee."

"Bila kuja kujitambulisha."

"Kazi ya serikali, mzee. Inabana."

"Tunaelewa. Sasa kuna faini ya kumweka binti ndani kimyakimya, halafu kuna mahari. Ng'ombe."

Kamili akacheka kidogo, peke yake. Akasema labda amejieleza vibaya, kwamba yeye na Noela walijuana kikazi tu.

"Sawa," alisema Bujiku taratibu. "Kama wewe si mkwe, basi ni mtu aliyekuja kumlaghai mjane kwa jina la mwanawe. Sungusungu wako hapo nje, na watu wa namna hiyo ni kazi yao. Chagua mwenyewe uwe nani."

Kamili akachungulia dirishani. Vijana wa ulinzi wa kijiji walikuwa wameizunguka pikipiki yake, fimbo magotini, wanapiga soga bila haraka.

"Mimi ni mkwe," alisema.

Wazee wakampa mkono mmoja mmoja. Faini ilikuwa pikipiki, ng'ombe wangefuata. Alipotoa ufunguo machozi yalimlengalenga, na hayo yalikuwa ya kweli, ya kwanza tangu aingie kazini.

Chakula kikaletwa. Dada mmoja mrefu akapiga magoti na jagi la maji, akamnawisha mikono.

"Asante, dada."

Bujiku akakohoa. "Mkwilima, mkeo unamwita dada?"

Mikono ya Kamili ikabaki hewani inachuruzika maji.

"Nimerudi juma lililopita," alisema Noela. "Watu wa ubalozi walimbana Bi Salma akalipa mishahara yote, wakanikatia na tiketi. Ada ya faili hawakuniomba. Nilikuwa chumba cha pili wakati unamsimulia mama jinsi tulivyoishi. Nilitamani uendelee."

Aibu ilimpata, lakini pikipiki ilimuuma zaidi. Akawauliza wazee: mke akimwacha mume, si mahari hurudi, na faini pamoja nayo? Wazee wakatazamana. Bujiku akakiri kwamba kwao ni hivyo. Kamili akashuka kwenye kiti, akapiga magoti yeye sasa.

"Noela, mke wangu. Mimi si mtu mzuri. Nalewa. Nina mwanamke Runzewe na mwingine Katoro. Niache, leo hii, wazee wakiwa hapa."

Noela akajifuta mikono, akauchukua ufunguo mezani.

"Nimwache mume mwenye kazi serikalini?" alisema. "Kwa kosa gani? Nenda kalete ng'ombe, mume wangu. Nakungoja."