Vita Kuu ya Muhuri wa Mianda

Ketini, enyi watu wa Manika hapa Kolwezi, zimeni redio, tegeni masikio! Nawaletea habari za vita vikubwa kuliko vyote, na mi ndiye niliyesimama mbele kabisa ya jeshi. Mbele ya mlango, niseme. Ndani sikuingia, nilikuwa nalinda mabeseni.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu nchi yetu iitwe Zaïre. Universite moja ya Ubelgiji ilikubali kumpokea Mianda, binti wa Kabedi muuza samaki, ila ikatoa amri kali: ipatikane karatasi ya banki, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba jamaa yake ina feza ya kumlisha mwaka mzima ugenini. Isipofika kwa wakati, nafasi apewe mwingine.

Hapo Kabedi, simba jike wa soko, mwenye sauti ya kusimamisha treni ya Tenke, akaliita jeshi lake: sisi wamama kumi na wawili wa likelemba, tunaochanga kila juma na kupokezana.

"Bamama, munikopeshe asubui moja tu! Feza iingie ku banki, bapige muhuri, irudie!"

Tukafungua mafundo ya vitenge. Hata Kanku, ambaye bwana yake Kisimba ndiye karani wa banki tuliyokuwa tunaiendea, akatoa posho ya nyumba. "Bwana yangu asijue," akasema, "ataniua."

Bendera ikashikwa na Ngeleka, mjomba wa mtoto, fundi wa umeme, shujaa mwenye koti la kuazima na viatu vinavyolia. Akaingia banki na Mianda. Mi nikachungulia dirishani.

"Hii feza yote ni yako, tata?" Kisimba akauliza.

"Yangu, tata Kisimba! Jasho yangu ya miaka kumi! Haiyapita mu mikono ya mutu mwingine hata siku moja!"

Kisimba akahesabu noti kwa noti, kama jenerali anayekagua askari. Moja akaiweka pembeni. Akaandika. Akainua muhuri, Kolwezi yote ikazuia pumzi, akaushusha: pa! Mianda akaikamata karatasi, akatoka mbio, na vigelegele vyetu vikapaa hadi Lubudi. Tangu siku ile, niaminini, miaka yapasa kuhesabiwa upya.

Ngeleka alikuwa angali ameinama kwa heshima. Kisimba akaichukua ile noti ya pembeni, kona yake imechorwa wino mwekundu.

"Tata Ngeleka, hii nilichora mi mwenyewe jana, nikamupatia bibi yangu ya kununua unga. Ilifika mu jasho yako kwa njia gani?"