Mkimbiaji Aliyepitia Chaka

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tetu. Ng'ombe wametoa maziwa, moyo umetulia. Jumamosi ni maonyesho ya wakusanyaji wa stempu, ukumbi wa kanisa, Nyeri mjini. Meza ya mbele, ya mshindi, ni moja tu. Jirani yangu Mathenge, mwalimu mstaafu, ameikalia miaka mitatu mfululizo na stempu zake za mpira wa miguu. Leo ameniuliza mbele ya watu, pale tunapopeleka maziwa, kama nitaleta zile zangu za ndege tena. Tena! Mwaka huu atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Nimekumbuka! Mke wangu Gathoni anaweka kwenye mkebe wa biskuti barua niliyomtumia Kangema mwaka wa 1987, nikiwa kibarua Nanyuki, kumwomba tuoane. Ina stempu ya mkimbiaji, ya ile michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi. Barua ilipotea njia, ikakaa posta ya Chaka, ikamfikia baada ya siku kumi na moja. Mihuri mitatu ya posta! Bahasha chafu kabisa.

Nilingoja aende kikao cha kina mama. Nikailoweka bahasha kwenye maji vuguvugu, stempu ikabanduka yenyewe. Nikaikandamiza ndani ya Biblia. Barua nikairudisha mkebeni. Bahasha nikaianika, ilipokauka nikawashia jiko. Mimi si mjinga, siachi ushahidi.

Jumamosi, 8 Machi
Wueh. Mwamuzi alikuwa mzee Abdikarim wa Nanyuki, anauza mbuzi lakini stempu ndizo anazijua. Akauliza bahasha iko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimemtoa mkimbiaji kwenye uchafu. Mzee akashika kichwa. Akasema stempu hiyo peke yake wanayo wengi, ila bahasha yenye mihuri ya Nanyuki, Chaka na Kangema ni safari nzima, na yeye hajawahi kuiona. Mathenge akapewa meza ya mbele. Halafu ati akanipa pole! Hiyo pole ndiyo iliniuma.

Jumapili, 9 Machi
Mathenge amemsalimia Gathoni kanisani, akampa pole ya bahasha. Mdomo wa huyu mtu!

Gathoni hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniambia tu kwamba wakati ule baba yake alishaamua kuwa yule kijana wa Nanyuki amemtoroka. Barua ilipofika, alimwonyesha baba yake tarehe kwenye mihuri, baba akaona niliandika mapema, posta ndiyo ilichelewa. Mihuri ndiyo ilinitetea. Sikuwahi kujua. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Chai nimejipikia mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Gathoni amelegea. Ametoa bahasha ya pili, ile niliyomtumia kuuliza mbona hajibu ya kwanza. Mkimbiaji yule yule, muhuri wa Nanyuki na wa Kangema. Akasema, Baba Wamucii, kesho mpelekee Abdikarim aione, ilivyo hivyo hivyo, halafu irudi mkebeni. Ndiyo pekee iliyobaki. Karibu nilie. Nimemwapia: stempu sibandui, bahasha sichomi. Mtu hujifunza.

Ila nimeiangalia vizuri dirishani. Wino wa muhuri umemfunika mkimbiaji uso mzima! Mzee wa watu nimpelekee kitu kama hicho? Gathoni yuko shambani. Sabuni kidogo tu, na kitambaa laini. Maji yameshapata moto.