Stendi ya Mheshimiwa Erastus

Pikipiki ya Erastus Barasa ilianguka mbele ya hoteli moja ya chai mjini Kakamega, saa ile watu wanaagiza mandazi, na Phanuel Makhanu, aliyekuwa ameketi dirishani akitafuta namna ya kuishi bila kufanya kazi, akaacha kutafuta.

Haikuanguka kwa kishindo. Ilianza kuinama taratibu upande wa kushoto, kama mzee anayetafuta kiti kwa makalio, kisha ikalala juu ya viatu vya mchuuzi wa mitumba. Erastus alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama, akafumba macho, akarudi kuiinua bila kugeuka kuona ni nani anacheka. Hapo ndipo Phanuel alipovutiwa. Mtu asiyegeuka kuwaangalia wanaomcheka ni mtu aliyekwisha kuchekwa sana, na mtu wa namna hiyo hulipa bila kubembelezwa.

Sura yake aliijua. Ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Amalemba mpaka Navakholo. Erastus alikuwa dalali wa malori ya miwa, mfupi, wa kitambi cha heshima, na mwaka huu alitaka kiti cha wadi. Ili wapiga kura wamwone vizuri alinunua skrambla, zile pikipiki ndefu za matope ambazo madigadi na tairi la mbele hukaa mbali mbali kama majirani waliokosana. Akiwa mwendoni juu yake alionekana mtu mkubwa. Shida ilikuwa kushuka.

Miguu yake haikufika chini. Kwa hiyo alipanda na kushuka kwa kukanyaga kidato cha kushoto, kama mtu anayepanda ngazi, na uzito wote ukaishia kwenye ule mguu mmoja mwembamba wa chuma unaoitwa stendi. Stendi ikapinda. Kwenye lami pikipiki iliinama mno. Kwenye udongo stendi ilizama. Kwenye mteremko ilijikunja yenyewe na kurudi juu, kama mtu aliyekumbuka ana safari. Msibani iliangukia kinanda cha kwaya wimbo ukiwa katikati. Kanisani iliangukia kuku wa sadaka, na kuku yule akawa sadaka kabla ya wakati wake. Mpinzani wake, Cleophas, sasa hakuhutubia tena. Alikuwa akipanda jukwaani na kuuliza swali moja: huyu ndugu anayesema anasimama, mbona chake hakisimami? Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega.

Phanuel alichukua kikombe chake akahamia meza ya Erastus.

"Pole, mheshimiwa. Ile si makosa yako."

"Sijasema ni makosa yangu."

"Ni ya kiwanda. Ile stendi ilipimwa kwa udongo wa kule ilikotengenezwa. Udongo wa kule ni mkavu, hauna maneno mengi. Sasa wewe umeileta kwa udongo wa Navakholo."

Erastus aliacha kukoroga chai. "Udongo wa Navakholo una nini?"

"Unameza. Wewe ni mtu wa miwa, unajua."

"Na wewe ni nani?"

"Naitwa Phanuel. Mimi ni mtaalamu wa msimamo."

Erastus alikuwa ameshakutana na wataalamu wa mbolea, wa nyota na wa kura za maoni, lakini wa msimamo alikuwa hajamwona. Alimsogezea sahani ya mandazi.

Phanuel akala moja, akaeleza. Kulikuwa na stendi mpya, inaitwa stendi ya kujitafutia. Wanajeshi wa milimani ndio wanaoitumia. Mwisho wake una wayo mpana kama wa bata, na ndani kuna mafuta yanayohisi ardhi: ikigusa matope inajitanua, ikigusa lami inajikaza, ikigusa mteremko inafikiri kwanza. Fundi wake yuko Eldoret, na kazi lazima ifanyiwe kwenye pikipiki yenyewe, maana stendi na pikipiki lazima zizoeane kabla ya kupakiwa mtu.

"Niletee mbili," Erastus akasema.

"Imebaki moja. Na Cleophas alinipigia jana."

"Cleophas hana skrambla."

"Ananunua."

Erastus aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akainama mpaka tai yake ikaingia kwenye chai. "Nikichukua hii mpya mimi, unaweza kumfungia Cleophas hii yangu iliyopinda, umwambie ndiyo ya kujitafutia?"

Phanuel alimtazama kwa heshima ya kweli. Katika kazi yake alikuwa amekutana na watu wenye tamaa wengi, lakini wachache waliofika upesi hivyo.

"Mheshimiwa, hiyo utaniongezea kidogo."

Akaongezewa. Akapewa malipo ya stendi, ufunguo, na mafuta ya kumfikisha Eldoret. Erastus mwenyewe alimshikia pikipiki ili apande, na akampungia mkono mpaka alipopotea kwenye kona.

Phanuel hakuwa na safari ya Eldoret. Alikuwa anaenda Chekalini, kwa jamaa mmoja anayenunua vyombo vya moto bila kuuliza vimetoka wapi. Kwa kuwa lami ina askari, na askari wana maswali, alishika barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inayozungukia Navakholo. Upepo ulikuwa mzuri, miwa ilikuwa mirefu pande zote, naye akiwa juu pale aliiona mpaka migongo ya majani. Alianza hata kuimba. Jambo moja tu lilimsumbua. Alikuwa na ulimi mrefu kuliko miguu, na hakuwa amefikiria namna ya kusimama.

Alifika Navakholo, na ilikuwa siku ya soko. Mvua ilikuwa imenyesha, na katikati ya barabara ng'ombe wa mtu alikuwa amesimama akitafakari mambo yake. Phanuel akapiga honi. Ng'ombe akamtazama. Phanuel akafunga breki, akatafuta ardhi kwa mguu wa kulia, akaikosa, akaitafuta kwa wa kushoto, akakumbuka stendi, akaiteremsha kwa kisigino. Stendi ikaingia matopeni kama kijiko kwenye uji. Pikipiki ikainama kwa adabu zake zile zile na kulala, pamoja na mtaalamu wa msimamo, juu ya nyungu za kuuza za mama mmoja, Nasambu.

Zilivunjika kwa muda mrefu. Kila mtu alipodhani zimeisha, nyingine ilibingirika na kuvunjika.

Nasambu aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, na akaendelea kuinuka. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko wanaume wote wa soko lile, mwenyekiti wa chama cha akina mama, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyehitaji kupaza.

"Hii si pikipiki ya Erastus?" akauliza.

Phanuel hakuweza kukana. Sura ya Erastus ilikuwa imebandikwa kwenye tangi, inatabasamu.

"Ndiyo, mama. Mimi ni mtu wake wa kampeni."

Hilo lilikuwa kosa. Watu walianza kukusanyika, na kila mmoja alikuwa na la kumwuliza mtu wa Erastus. Mmoja aliuliza kuhusu kalvati iliyoahidiwa. Mwingine aliuliza kwa nini malori ya Erastus hubeba miwa ya shemeji zake kwanza. Kijana mmoja wa boda aliuliza kama wanaweza kumfunga huyu kwenye mti kwa muda mpaka mwenyewe aje. Phanuel, tope likimtiririka sikioni, alifanya kitu pekee alichojua kufanya. Alipanda juu ya kigoda cha Nasambu.

"Ndugu zangu, mulembe. Mnasema pikipiki imeanguka. Mimi nasema haijaanguka, imeangushwa. Nani ameiangusha? Barabara. Nani aliiacha barabara hivi? Angalieni hizi nyungu. Zimetoka kwa udongo, zimerudi kwa udongo, na diwani wenu hajui hata zilikuwa hapa. Mimi nimelala kwenye matope haya sasa hivi, nimeyaonja. Ni nani kati ya hao wakubwa ameyaonja?"

Kisha mtu akacheka, mwingine akapiga makofi, na yule wa boda akamsaidia kuinua pikipiki na kuiegemeza kwenye ukuta wa posho mill, mashine ya kusagia mahindi. Phanuel alikuwa ameshuka ili aende zake, lakini Nasambu alimshika kiwiko.

"Wewe unaongeanga vizuri. Kwenu ni wapi?"

"Kwa mama ni hapa hapa karibu," Phanuel akasema. Ndivyo alivyosema katika kila soko.

"Basi mbona umfanyie Erastus kazi? Si usimame wewe?"

Phanuel akacheka. Nasambu hakucheka.

"Sisi akina mama tumechanga kitu cha mgombea wetu," akasema polepole. "Kiko tu, tumekiweka. Kinangoja mgombea."

Chekalini ikafutika kichwani mwa Phanuel. Pikipiki ya wizi huuzwa mara moja, kwa bei ya kuonewa. Lakini mchango wa chama kizima cha akina mama, waliouweka tu unangoja mtu, huo haukuwa wizi hata kidogo, ulikuwa demokrasia. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyependa makuu, ni nini hasa kinachohitajika.

Nasambu alimpeleka kibandani kwake akamwekea obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, akamtazama akila. Kilichohitajika, alisema, ni watu wamwone. Aende ng'ambo ya mto, nyumba kwa nyumba, na akina mama wawili wa kumwonyesha njia. Na utaendaje kwa watu mikono mitupu? Anunue sukari kidogo, na sabuni. Pikipiki aiache pale pale ukutani, maana mgombea anayekuja kwa mguu hupendwa zaidi. Akirudi jioni, chama kitakuwa kimekaa.

Phanuel alinunua sukari na sabuni kwa pesa ya stendi. Alipanda kilima na kushuka kilima. Alibeba watoto waliolowa. Aliwasalimu vikongwe kwa kuinama, akaahidi kalvati, akaahidi kiwanda, kwenye nyumba moja aliahidi hata kusawazisha kilima chenyewe. Wale akina mama wawili walikuwa nyuma yake daima, na kila alipomaliza walibaki nyuma kidogo wakinong'onezana na wenye nyumba, halafu wenye nyumba wakatabasamu. Phanuel aliona tabasamu zile akajisikia kitu kigeni kifuani. Pengine, aliwaza, mimi kweli ni kiongozi.

Waliporudi sokoni jua likiwa bado liko juu ya miwa, mfuko wake ulikuwa mtupu kabisa na viatu vyake vilikuwa vimekufa. Watu walikuwa wamejaa kuzunguka ukuta wa posho mill. Katikati yao alikuwa Erastus, suti yake safi upande wa kulia na tope tupu upande wa kushoto. Nasambu alikuwa amempigia simu aje aone nyungu.

Phanuel alitaka kugeuka. Wale akina mama wawili walikuwa wamemshika mikono, kwa upole, kama bwana harusi.

Erastus alikuwa amejaribu kuipanda pikipiki yake aondoke nayo, ikamwangusha. Alijaribu tena watu wakiishikilia, wakaiachilia, ikamwangusha. Alisimama sasa akihema, akiwasikiliza watu wake wakimcheka mpaka wengine wameketi chini, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayetua gunia.

"Mama Nasambu," akasema kwa sauti ya jukwaani. "Mimi si mtu wa kuvunjia mama nyungu zake nikaenda. Hii pikipiki ichukue. Nimekupa, mbele ya watu hawa wote. Ni malipo ya nyungu."

Watu wakapiga makofi. Erastus akainamisha kichwa kuyapokea, akiwa amefurahi kwa mara ya kwanza tangu ainunue.

Nasambu hakushukuru sana. Alikunja gauni lake, akapitisha mguu juu ya kiti kama anavuka mtaro, akaketi. Nyayo zake zote mbili zikalala matopeni, bapa. Stendi hakuigusa. Makofi ya Erastus yalikatika ghafla, na yakaanza mengine, makubwa zaidi, yakiwa na jina la Nasambu ndani yake.

Erastus, ambaye hakuyaelewa mara moja, alimwona Phanuel. "Na wewe. Stendi yangu iko wapi?"

"Iko njiani, mheshimiwa."

"Sina pikipiki tena. Nirudishie pesa."

"Atakurudishia baada ya uchaguzi," Nasambu akasema akiwa juu. "Ananifanyia kazi."

Phanuel alimsogelea, akiwavuta wale wawili waliomshika, akashika usukani, akanong'ona. "Mama, na ule mchango?"

"Uko."

"Ulisema unangoja mgombea."

"Ndiyo. Mgombea ni mimi. Leo umeniombea kura ng'ambo yote, na sukari umeipeleka kwa jina langu. Asante sana."

Phanuel aliachia usukani. Alitazama tope, akamtazama Erastus aliyekuwa anatafuta boda ya kumrudisha Kakamega, akatazama akina mama wale wawili, ambao hawakuwa wamemwachia bado.

"Kwenda polisi Erastus hataenda," Nasambu akaendelea. "Bado anaamini kuna stendi. Mimi siamini, lakini sitasema, ukinisaidia. Unaongeanga vizuri. Nataka uwe unashika kipaza sauti."

"Na mshahara?"

Nasambu aliinama kutoka kule juu, akamwekea mkono begani, akamwangalia machoni kwa upole ambao Phanuel aliutambua papo hapo, maana ndio aliokuwa akiutumia yeye mwenyewe tangu ujana.

"Baada ya uchaguzi," akasema. "Tena mzuri."

Phanuel alijua kabisa alichokuwa akifanyiwa. Angeweza kumfundisha mtu mwingine sauti ile, mkono ule, hata urefu wa ule mnyamazo kabla ya neno "mzuri". Kisha akajisikia akiuliza kesho wataanza na soko gani, na kama anaweza kuketi nyuma.

Aliambiwa kwamba nyuma kutakuwa na spika, atatembea.